Dada wa Maabara anajibu: Eti wanataka kumwekea mtoto wetu kirusi cha ukimwi?

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimekuja na jambo moja, naona kuna klipu imezunguka kwenye magrupu ya familia kuanzia Tunduma mpaka Iringa mjini, inayosema wazungu wanatibu saratani ya damu kwa kirusi cha ukimwi. Wengine mmeogopa, wengine mmepata matumaini, wengine mmeanza hadi kuuza vitu. Nimechagua barua tano, na naomba radhi mapema, mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu maana hapo ndo penye kazi.

Habari za huko dada. Mimi ni mama mdogo wa mtoto wa kiume wa miaka 7, tunakaa Uyole. Mtoto amekutwa na saratani ya damu, wameandika ALL, na ameshaanza kutundikiwa kemo. Sasa bibi yake kaiona hiyo klipu kwa simu ya mjukuu mwingine, tangu siku hiyo kagoma, anasema wanamdanganya mama wa mtoto, wanataka kumwekea mjukuu wake mdudu, na anataka arudishwe nyumbani. Mama wa mtoto analia tu. Tufanyeje?

Pole sana mama mdogo, na umpe pole mama wa mtoto. La haraka kwanza: anachotundikiwa mtoto ni kemo, na kwenye kemo hamna kirusi cha aina yoyote, ni dawa inayoua seli zinazozaana ovyo. Kile cha kwenye klipu ni tiba nyingine kabisa, inaitwa CAR-T: seli za kinga za mgonjwa zinatolewa, kirusi kilichofanyiwa kazi maabara kinaziwekea maandishi ya kuitambua saratani, halafu anarudishiwa. Inatolewa nchi nyingine, na wanapewa watoto ambao kemo imewashinda au ugonjwa umewarudia. Ni vitu viwili tofauti vimechanganywa kwenye klipu ya dakika mbili. Kwa hiyo hata kabla hujasoma yaliyobaki, mwambieni bibi hilo.

Ila msimcheke bibi. Huku kwetu hilo neno lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta Njombe maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7, inaongoza nchi nzima, na Iringa na Mbeya ziko karibu nyuma yake. Mtu wa umri wa bibi ameona nyumba ngapi zimebaki na watoto na wazee tu miaka ile kabla ya dawa? Akisikia kirusi cha ukimwi na jina la mjukuu wake kwenye sentensi moja, lazima agome. Hata mimi ningegoma.

Sasa na ukweli wenyewe sitauficha, maana akija kuusikia kwa mtu mwingine hatawaamini tena: ni kweli, hicho chombo kinachotumika kilitengenezwa kutokana na VVU. Lakini kimebaki nini? VVU kizima kina jeni 9, hizo ndo zinampa uwezo wa kuingia, kujizalisha, kutoka na kwenda kushambulia seli nyingine. Kwenye hiki cha tiba hamna hata jeni moja ya hizo iliyo kamili inayosafiri ndani yake. Zimetolewa. Chache zinazohitajika kukiunda zinabaki maabara kwenye vipande mbalimbali, vimetenganishwa makusudi ili visikutane tena, na hata koti lake la nje wamelivua wakakivalisha koti la kirusi kingine kabisa, kirusi cha mifugo cha kule bara la Amerika.

Nyie mnaokaa Uyole mnayaona malori kila siku yanapanda kutoka Dar kwenda Tunduma. Chukulia lori lilikuwa la majambazi, limebeba silaha, polisi wakalikamata, wakashusha kila kitu, wakapakia magunia ya mbegu, wakaliruhusu safari moja tu ya kwenda. Injini ni ileile na njia linaijua. Lakini silaha hamna, na lori halizai lori. Hicho kirusi kinaingia kwenye seli mara moja, kinashusha mzigo, kinaishia hapohapo. Tena chenyewe hakiingizwi hata mwilini mwa mtoto, kinakutanishwa na seli zake maabara, kwenye vyombo, halafu zinaoshwa, zinapimwa, ndo zinarudishwa zile seli. Wagonjwa waliotibiwa hivyo wamefuatiliwa na kupimwa kwa miaka, na hamna aliyekutwa na kirusi kilichojirudisha kuwa kizima na kuanza kuzaliana.

Na kwa nini wakahangaika na kirusi cha hatari hivyo badala ya kutafuta kingine? Kwa sababu VVU ndo fundi wa kuingia kwenye seli za kinga. Hiyo ndo kazi aliyotuulia nayo ndugu zetu: anaifungua seli ya kinga, anapandikiza maandishi yake ndani ya maandishi ya seli, na seli ikigawanyika watoto wake wote wanayabeba. Watu wakakaa wakasema, huu ufundi tukiuchukua tukaacha ubaya, tutaweza kuandika tunachotaka sisi. Mi nikilifikiria hili huwa nanyamaza kidogo, maana nimepima VVU vya watu kwa miaka mingi, na majibu mengine nilishindwa hata kuyaandika mkono ukiwa umetulia.

Mtoto wa kwanza kabisa kupewa tiba hii anajulikana, wazazi wake walitaka ajulikane, anaitwa Emily Whitehead wa Marekani. Alikuwa na ALL hiyohiyo kama ya mtoto wenu, ila yeye kemo ilimkubali ikamkataa, ugonjwa ukarudi mara mbili. Aprili 2012, akiwa na miaka 6, hospitali ya watoto ya Philadelphia wakampa seli zake zilizofundishwa. Akaungua homa vibaya sana, presha ikaanguka, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, wazazi wakaambiwa wajiandae. Kipimo cha damu kikaonyesha kemikali moja ya uvimbe imepanda kupita kiasi, na kiongozi wa utafiti, Carl June, alikuwa anaijua dawa inayoizuia hiyo kemikali kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na baridi yabisi ya utotoni. Wakampa Emily hiyo dawa ya baridi yabisi, ikaituliza ndani ya saa chache. Alizinduka siku anatimiza miaka 7. Saratani haikuonekana tena, na zaidi ya miaka 10 baadaye alikuwa binti mkubwa, mzima.

Baada ya Emily wakaja wengine. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 ulikuwa na watoto na vijana 75 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia au haukusikia dawa, na asilimia 81 saratani ilipotea ndani ya miezi mitatu. Lakini mwaka mmoja baadaye waliobaki bila ugonjwa kurudi wala tatizo kubwa kutokea walikuwa kama nusu. Nusu ya watoto ambao dawa zilikuwa zimewaishia ni jambo kubwa mno. Ila sio miujiza ya kwenye klipu.

Na hapa ndo nataka bibi anisikie vizuri. Nchi zenye uwezo, watoto karibu 9 kati ya 10 wenye ALL wanapona, na wengi wao wanapona kwa kemo hiihii anayopewa mjukuu wake, sio kwa kirusi. Kinachotakiwa ni kumaliza. Matibabu yanaenda miaka miwili hadi mitatu, na tatizo linakuja mwezi wa pili au wa tatu, mtoto anachangamka, nywele zinaota, anacheza mpira na wenzake, nyumbani wanasema amepona na nauli imeisha, wanaacha. Seli chache zilizojificha kwenye uloto zinarudi, na zikirudi zinakuwa zimeshaizoea dawa. Nimeshawahi kuiona damu ya mtoto mmoja kwenye hadubini mara tatu: alipokuja kavimba tezi, alipopoa hadi ukadhani sio yeye, na miezi nane baadaye alipoletwa tena, shamba zima limejaa seli changa. Alikuwa ametolewa kwenye kemo kwa sababu alionekana mzima.

Kuhusu gharama msikate tamaa kabla ya kuuliza. Pale Muhimbili watoto wenye saratani wanatibiwa bila familia kulipia matibabu, hospitali inashirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, na kuna sehemu ya kufikia kwa wanaotoka mbali. Muulizeni daktari wa mtoto pale Rufaa awaeleze njia ya kwenda. Na bibi mchukueni mwende naye siku ya kliniki, akae amsikie daktari mwenyewe na aulize yeye, aulize kwa Kinyakyusa kama anataka, manesi wanaoweza kumtafsiria hawakosekani. Mtu mzima akiambiwa kitu na mjukuu kwenye simu na akiambiwa na daktari uso kwa uso havilingani.

Kamwene dada. Nafundisha baolojia sekondari moja Iringa vijijini. Wanafunzi wa kidato cha sita wameniuliza kirusi kinamfundishaje seli kupigana, kwani seli ina akili? Nikawajibu juujuu nikaona mwenyewe sijaridhika. Nisaidie nikarudi darasani na kitu.

Kamwene mwalimu! Swali la wanafunzi wako ni zuri kuliko klipu yenyewe. Hilo neno kufundisha tunalitumia sisi kwa mazoea, kirusi hakifundishi chochote, kinaleta maandishi tu. Mi ningewapeleka kwenye shamba la parachichi. Si mnajua mche wa kubebesha? Unachukua mche wa kienyeji, mizizi yake imeshazoea udongo na magonjwa ya hapa, unaukata juu, unaubebesha kikonyo cha Hass. Mizizi ni ya mwenyeji, matunda ni ya mgeni. Seli ya tiba hii iko hivyo: mwili wote wa seli ni wa mgonjwa mwenyewe, hasira yake, uwezo wake wa kuua na kuzaliana ni ule aliozaliwa nao, ila juu imebebeshwa pua mpya ya kunusia.

Kwa nini ihitaji pua mpya? Kwa sababu saratani ya damu ni mtoto wa nyumbani. Seli T kazi yake ni kukagua kila seli anayokutana nayo, anaua iliyoingiliwa na virusi, anaua ngeni, lakini seli ya saratani imetoka mwilini humohumo, ina sura ya ndugu, na nyingine zinaficha kabisa vile vitambulisho anavyovitafuta. Anapita, anasalimia, anaondoka.

Sasa ALL inayotibiwa hivi inaanzia kwenye seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Na seli B zote, nzima na mbovu, zina alama juu ya ngozi yake inaitwa CD19, ni kama hereni wanazovalishwa ng'ombe masikioni. Uzuri wa hiyo hereni ni kwamba moyo hauna, ini halina, figo hazina, mifupa haina. Ukiweza kumpa seli T pua inayonusa CD19, ataua kila mwenye hereni na ataacha wengine. Atawaua na seli B wazima, hilo wanalijua, mgonjwa anabaki bila kiwanda cha kingamwili na wengine inabidi wawe wanachomwa kingamwili za watu wengine mara kwa mara. Lakini bila seli B mtu anaishi. Bila moyo haishi mtu.

Pua yenyewe imeungwa vipande. Sehemu ya nje imetolewa kwenye kingamwili, ndo inashika hereni. Sehemu ya ndani imetolewa kwenye seli T yenyewe, ndo inapiga kengele ya kusema ua. Wazo la kuunga hivi vipande viwili Wajapani waliliandika 1987, kina Yoshikazu Kuwana, na Zelig Eshhar wa Israeli akaliandika 1989, kwa hiyo waambie vijana wako hii sio habari ya jana, ina umri kuliko wao mara mbili. Ikachukua miaka 20 na zaidi mpaka imponye mtu kwa sababu seli za mwanzo zilikuwa zinaua kidogo zinachoka zinakufa. Ndo wakaongeza kipande cha tatu, kengele ya pili inayosema usichoke, zaana, baki. Kipande kilichotumika kwa Emily kinaitwa 4-1BB na kilitoka kwenye maabara ya Dario Campana kule hospitali ya St. Jude. Mi naona hapo ndo palikuwa na ufunguo, watu wanakisifia sana kirusi na kuisahau hiyo kengele ya pili.

Kazi inavyofanyika: mgonjwa anaunganishwa na mashine, damu inatoka mkono huu, inachujwa seli nyeupe, iliyobaki inarudi mkono ule, saa kadhaa. Seli zinapelekwa maabara, zinaamshwa kwanza, kwa sababu seli T iliyolala haipokei vizuri, wanazichanganya na vishanga vidogo vyenye kingamwili juu yake, zinadhani zimekutana na adui, zinavimba, zinaanza kugawanyika. Hapo ndo kirusi kinamwagiwa. Kinaingia, kinabadilisha maandishi yake kutoka RNA kwenda DNA, hii wanafunzi wako wameshaisoma kwenye VVU, na ile DNA inajibandika kwenye kromosomu ya seli. Kuanzia hapo pua ni mali ya seli na ya kizazi chake chote. Zinakuzwa mpaka ziwe mamilioni, zinagandishwa, zinarudi hospitali. Mgonjwa anapewa kemo kidogo ya kusafisha nafasi, halafu anawekewa seli kwa mshipa. Mfuko wenyewe ni mdogo, unaisha kwa dakika chache, mtu akiangalia anaweza kusema hiki ndo kilichosubiriwa wiki tatu nne? Lakini zile seli zikikutana na hereni zinazaana humo ndani mara mia, mara elfu. Dawa nyingine zote unazozijua zinapungua mwilini kadiri siku zinavyoenda, hii inaongezeka. Mgonjwa mmoja wa mwaka 2010, Doug Olson, walivyompima miaka 10 baadaye bado walizikuta seli zake zikizunguka.

Swali ambalo lazima mwanafunzi mmoja mwerevu atauliza: ile DNA ikijibandika mahali pabaya je? Muulize na yeye kwanza. Kwenye tiba nyingine ya jeni kule Paris, miaka ya mwanzoni ya 2000, watoto waliozaliwa bila kinga walitibiwa kwa aina ya zamani ya kirusi cha kubeba, jeni ikabandikwa karibu na swichi ya kukuza seli, na baadhi wakapata lukemia. Ndo maana kirusi cha jamii ya VVU kinachotumika kwenye tiba hii kimeondolewa swichi yake mwenyewe. Hata hivyo Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kuchunguza saratani mpya za seli T kwa waliotibiwa, mpaka mwisho wa mwaka huo walikuwa wamepata taarifa 22 wakati dozi zilizotolewa Marekani zimepita 27,000, na Januari 2024 wakaagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa hizi. Ni wachache sana, na si kila mmoja imethibitika kirusi ndo chanzo, ila wanaopewa wanatakiwa kufuatiliwa maisha yao yote. Mfundishe mwanafunzi wako vyote, asitoke darasani anajua upande mmoja.

Na kirusi hakibebi lumbesa mwalimu. Maandishi yake yanafika kama herufi elfu tisa hivi, ukimzidishia anashindwa kufunga. Pua ya CD19 bahati nzuri ni fupi, inatosha na nafasi inabaki.

Shikamoo dada. Niko Mafinga, biashara ya mbao. Mzee wangu ana miaka 58, wengu limevimba, chembe nyeupe zimepanda sana, wamepima wakasema ni CML. Nimesikia India hiyo tiba ya kirusi ni rahisi. Tuna ekari 6 za paini zina miaka 8, kuna mtu anataka kununua zikiwa zimesimama hivyohivyo. Niuze nimpeleke?

Marahaba mdogo wangu. Usiuze. Yani kama unasoma hii na mnunuzi yupo hapo sebuleni, mwambie arudi mwakani. Wewe mtu wa mbao unajua paini ya miaka 8 utaambiwa ni nguzo tu, na mwenye shida ndo anapangiwa bei.

Saratani ya damu sio ugonjwa mmoja. Ya mzee ni CML, haitibiwi kwa hizo seli za kunusa CD19, maana haikuanzia kwa seli B. Na habari njema ni kwamba CML ndo moja ya saratani zenye vidonge. Inasababishwa na kromosomu mbili zilizobadilishana vipande, waligundua hiyo kromosomu mbovu mwaka 1960 Philadelphia, mji uleule alikotibiwa Emily, na mwaka 2001 kikaidhinishwa kidonge kinachozima ile protini inayotokana na mchanganyiko huo, kinaitwa imatinibu, wengi wanakijua kama Glivec. Mtu anameza kila siku, kama mwenye presha anavyomeza, na wengi wanaishi miaka mingi wanalima na kufanya biashara. Muulize daktari wa mzee kuhusu rufaa ya Ocean Road, Dar, na mkifika ulizeni mpango wa msaada wa dawa hiyo. Na kabla ya yote hakikisheni kipimo cha jeni cha CML kimefanyika, sio hesabu ya chembe nyeupe peke yake.

Mzee asiache vidonge akijisikia nafuu. Ni wengi wanaofanya hivyo wengu likirudi chini.

Kuhusu India, ulichosikia kina ukweli kwa wagonjwa wengine. Marekani dawa ya kwanza ya aina hii, Kymriah, ilipoidhinishwa Agosti 2017 ilitangazwa dola 475,000, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni moja kwa dawa peke yake, kitanda na ICU mbali. India wakaamua kutengeneza ya kwao, chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial, wakatengeneza mpaka kirusi wenyewe, ikaidhinishwa Oktoba 2023 kwa jina la NexCAR19, bei kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Bado ni hela ndefu kwa mtu wa Mafinga. Nimeitaja kwa sababu kuna watu wataisoma hii na mgonjwa wao ana limfoma (saratani ya tezi) au ALL iliyorudi, hao wakamuulize daktari wao wa saratani kwa jina kabisa. Sio dalali wa safari za matibabu, daktari.

Dada, niko Makambako, natumia ARV mwaka wa 11 sasa. Nimeiona hiyo habari nikajiuliza, kama kirusi hichi kinaweza kutibu saratani, basi mimi ninaye tayari si ningekuwa nimekingwa? Au watu wenye hali yangu hatuwezi kupewa?

Asante kwa kuandika kwa uwazi dada yangu, na hongera ya miaka 11. Hapana, kilichopo mwilini mwako ni kizima, chenye zile jeni zake zote, na kisipozimwa kinapunguza kinga na kuongeza uwezekano wa kupata saratani za tezi. Kinachokukinga wewe ni hizo ARV. Usiache hata siku moja kwa ajili ya klipu.

Kupewa inawezekana, kuna wenye VVU waliopata limfoma nchi za nje wakapewa seli hizi zikawasaidia. Kuna ugumu wake wa kimaabara, baadhi ya ARV zinazuia hatua ileile ambayo kirusi cha tiba anaihitaji kuandika jeni, kwa hiyo madaktari wanapanga dawa kwa uangalifu kabla ya kuchukua seli. Na jambo moja nimeona niliandike hapa kwa sababu ya mkoa wetu: mtu aliyetibiwa kwa seli zilizotengenezwa na kirusi cha jamii ya VVU anaweza kupimwa kwa kipimo kinachotafuta vinasaba vya VVU na majibu yakatoka chanya wakati hana maambukizi, kwa sababu ya vijipande vifupi vya maandishi vinavyofanana. Mtu wa hivyo atembee na karatasi yake ya matibabu, na asichangie damu.

Mambo dada, mi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa maabara, niko Mbeya. Hii kitu itafika lini kwetu?

Poa mdogo wangu. Tarehe sikupi, nakupa vinavyohitajika uvihesabu mwenyewe. Mashine ya kuchuja seli nyeupe na watu wanaoijua. Chumba safi cha kukuzia seli, au njia ya kuzisafirisha kwa naitrojeni kimiminika bila hata mara moja kupata joto. Mtu wa kusoma seli kwa rangi zake, sio kwa hadubini tu. ICU yenye ile dawa ya baridi yabisi kwenye kabati kabla mgonjwa hajaingia wodini, kwa sababu homa inakuja usiku, na wengine wanachanganyikiwa, wanasahau maneno, mpaka manesi wanampa mgonjwa karatasi aandike sentensi moja kila siku waone mwandiko ukianza kuharibika.

Nyingine zimeanza kuwepo. Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma walianza 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na ufundi wa kukusanya seli, kuziweka, na kumlinda mtoto asiye na kinga kwa wiki kadhaa ni ndugu kabisa na huu. Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, omba huko.

Na kuna watafiti China na kwingineko wanajaribu kuruka hatua zote za maabara, wanamchoma mgonjwa kirusi chenyewe kwenye mshipa, kimevalishwa koti linaloshika seli T peke yake, kinaziandika humohumo mwilini. Bado ni majaribio ya wagonjwa wachache. Mi ndo hiyo naifuatilia kwa moyo wote, kwa sababu ikikubali, kitakachosafiri kitakuwa kichupa kwenye boksi la baridi, na mtoto wa Uyole atabaki kitandani kwake Mbeya, mama yake pembeni.